Fuvu la Kalenga na Sufuria ya Mama Ntilie

Ndugu msomaji, mgeni akifika Iringa, wenyeji wanampeleka Kalenga. Analipa kiingilio, anaingia kwenye jumba la makumbusho, anaoneshwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Anaelezwa yote. Kwamba Wahehe waliwafyeka Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kamanda wao Emil von Zelewski akaachwa hapohapo. Kwamba ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Kwamba Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa, kichwa kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kikarudishwa na Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954 na kupokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Mgeni anatoka pale kichwa kimejaa tarehe, tumbo tupu. Anauliza: "Jamani, hapa tunakula wapi?" Anaoneshwa kwa kidole tu: pale, chini ya turubai, kwa mama. Anakaa kwenye benchi, anakula ugali wake na mnafu, analipa, anaondoka. Hakuna anayemwambia kwamba pale napo palikuwa pa historia.

Hoja yangu ni hiyo. Fuvu lina tarehe, lina mkataba, lina jumba na mlinzi wa jumba. Sufuria haina chochote. Lakini ukitaka kujua watu wa kawaida wa nyanda hizi waliishije tangu Mkwawa afe, nani alisafiri, nani alibaguliwa, nani alifiwa na nani alisomesha watoto, sufuria inajua zaidi kuliko fuvu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeiuliza.

Tuanze na zamani, kabla ya mtu kulipia ubwabwa. Mahindi tunayojivunia leo si ya mababu. Asili yake ni bara la Amerika, na huku yaliingia taratibu. Chakula cha enzi kilikuwa ulezi na mtama. Na chakula hakikuuzwa kwa sahani. Mgeni alipewa. Mswahili anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na methali hiyo ina maana kwamba zile siku mbili za kwanza mgeni hadaiwi kitu. Misafara ilinunua nafaka vijijini, ndiyo, lakini kuuziana kilichopikwa tayari, mtu akae, ale, alipe, aondoke bila hata kuulizwa ni mtoto wa nani, hilo lilikuwa jambo geni. Kwa hiyo mgahawa si nyumba tu. Ni namna mpya ya watu wasiojuana kukaa pamoja.

Neno lenyewe linaonesha njia lilikopitia. Mgahawa, au mkahawa kama wanavyoandika Kenya, umetoka kwenye kahawa. Ni neno la pwani, la watu wa kukaa barazani na kikombe. Wajerumani walipouanzisha mji wa sasa wa Iringa mwaka 1896, jina wakalichukua kwenye lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Lakini waliokuja kukaa ndani ya "ngome" hiyo mpya walikuwa mchanganyiko: askari, wapagazi, wafanyabiashara wa pwani, Wahindi, na Wabaluchi ambao wengine walishuka hadi Rujewa. Watu hawa hawakuwa na shangazi wa kuwapikia Iringa. Mahali ambapo hakuna shangazi, ndipo mgahawa unapozaliwa.

Kikombe nacho kilikuja kubadilika. Miaka ya 1920 chai ilianza kulimwa kibiashara huku kwetu, Mufindi na Rungwe. Leo ukisema "mgahawani" asubuhi ya baridi ya Iringa, ile baridi inayomfanya mtu avae koti la marehemu babu yake, unamaanisha chai. Chai ya maziwa, chapati, maandazi, supu. Kahawa iliacha jina, chai ikachukua kiti.

Lakini viti enzi za Mwingereza havikuwa vya wote. Hapa tuseme ukweli. Mji ulikuwa na meza tatu. Mzungu, awe ofisa au mkulima wa tumbaku, alikuwa na hoteli yake yenye kitambaa cha meza. Mhindi alikuwa na ya kwake, na sambusa zake. Mwafrika alikuwa na mgahawa wa udongo, na kilabu cha pombe kilichopewa kibali na wakubwa na kutozwa ushuru. Aliyepika kwenye hoteli ya Mzungu alikuwa Mwafrika, akiitwa "boi" hata kama ana wajukuu. Alijua kuoka keki ambayo hakuruhusiwa kuila akiwa amekaa. Ndiyo maana ninasema, ukitaka kujua ubaguzi ulikuwaje, usisome sheria peke yake. Uliza nani alikaa wapi saa ya chakula.

Sasa twende Tosamaganga. Pako juu kilimani, si mbali na Kalenga. Jina lenyewe kwa Kihehe linatafsiriwa "tupa mawe", na ukiwauliza wazee ni mawe gani na alirushiwa nani, utapata hadithi zaidi ya moja, kila mmoja na yake. Wabenedikto wa Kijerumani waliweka misheni hapo mwishoni mwa miaka ya 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakafukuzwa, na mwaka 1919 wakaingia Wakonsolata kutoka Italia. Wakajenga kanisa, shule, hospitali, nyumba ya watoto yatima.

Misheni ilileta meza ya nne: bwalo. Usilichukulie bwalo kama kitu kidogo. Bwaloni mtoto wa Mhehe, wa Mbena, wa Mkinga na wa Mnyakyusa waliinamia sinia moja la kande au ugali maharage, kwa kengele, bila kuchagua. Taifa hili lilipikwa kwenye masufuria ya mabweni kabla halijapewa bendera. Kila aliyesoma bweni anakumbuka maharage yale, na kila aliyesoma bweni anakumbuka pia jinsi alivyolitoroka bwalo. Maana penye bwalo lazima pawe na mama wa maandazi nyuma ya ua. Mwanafunzi ana shilingi yake, anapenya kwenye uzio, "Mama, mawili tu, nitalipa Ijumaa." Na mama anakopesha. Wako watu wazima leo, wenye vyeo na vitambi, walioelimika kwa deni la maandazi.

Hospitali ikafanya hivyohivyo. Katika nchi yetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na ndugu, na ndugu anahitaji kula, na mgonjwa anahitaji uji. Wa karibu huletewa chakula kwenye hotipoti. Wa mbali, aliyetoka huko bondeni kwa kubebwa, ataletewa na nani? Hapo ndipo mama aliye langoni anapokuwa wodi ya pili. Anajua mgonjwa yupi hawezi chumvi. Anajua yupi amefariki usiku, na ndugu zake hawadai chenji. Kaa kwenye benchi la lango la hospitali yoyote ya misheni kwa nusu saa, usikilize, halafu uniambie kama hujapata riwaya.

Basi, chakula kikafuata watu, na watu wakafuata barabara. Miaka ya 1940 barabara ilibeba manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na njaa ya vibarua, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya wafanyakazi. Vijana wa Nyanda za Juu walipakiwa kwenye malori, wakalishwa posho makambini njiani. Posho, si chakula. Tofauti anaijua aliyekula zote mbili. Wengine, hasa kutoka upande wa Mbeya na Rungwe, walikwenda kusini, migodi ya shaba na ya dhahabu, wakarudi na baiskeli na gramafoni.

Halafu ikaja siku moja ambayo ilitokea mbali kabisa na huku, ila ndiyo iliyoijenga Ipogolo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith wa Rhodesia alijitangazia uhuru wa walowezi. Zambia ikabanwa. Mafuta yake yapite wapi? Shaba yake itokee wapi? Yakaja malori, mamia kwa mamia, kwenye barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma. Madereva walikufa Kitonga, walikufa kwenye matope. Bomba la TAZAMA likaanza kazi 1968, barabara ikatiwa lami kufikia miaka ya mwanzo ya 1970, na Wachina wakajenga reli ya TAZARA, wakaikabidhi 1976. Reli iliipitia Makambako na Mbeya, ikaiacha Iringa pembeni. Iringa ikabaki na barabara. Mji wenyewe uko juu kilimani, barabara kuu iko chini, na hapo chini ndipo Ipogolo. Dereva hana muda wa kupanda mlima kutafuta wali. Wali ukashuka ukamfuata.

Ndiyo maana ninacheka nikisikia kwamba siasa za Kusini mwa Afrika zilikuwa mambo ya wakubwa Lusaka na Dar. Wapi bwana! Mama aliyewasha kuni saa kumi usiku Ipogolo, au Mafinga, au Makambako, ili dereva wa lori la mafuta apate supu, naye alikuwa kwenye ukombozi. Tofauti ni kwamba hakupewa nishani.

Hata hivyo jina la mama ntilie lilikuwa bado halijashamiri. Lilikuja na shida. Na tukumbuke kwamba haya ni maajabu: mkoa wetu ulikuwa ghala. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na mikoa minne, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikalima mpaka ikaitwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Lakini kati ya ukame, Operesheni Vijiji, bei ya mafuta na vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi ikaishiwa. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilishafunga maduka mengi ya watu binafsi. Foleni zikawa ndefu. Ukaja unga wa msaada wa njano kutoka Marekani, watu wakauita unga wa Yanga, na walioula wanakunja uso hadi leo, hata kama ni mashabiki wa Yanga.

Mshahara ukawa haufiki hata tarehe kumi. Karani, mwalimu, nesi, wote wakawa wanahesabu. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi: usiye na kazi ya kueleweka, rudi kijijini. Na kupika barabarani kwa macho ya mgambo haikuwa kazi ya kueleweka. Ajabu! Wakati huohuo mgambo mwenyewe alikuwa akila kwa mama huyohuyo saa sita mchana.

Wanawake wakasema potelea mbali, watoto watakula nini? Wakatoka na sufuria. Mafiga matatu, kuni, sahani kumi za bati, ndoo ya kunawia. Mteja anasimama na sahani: "Mama, nitilie." Kwa haraka ya njaa ikawa "Mama ntilie", na ombi likageuka jina la kazi. Mwaka 1986 nchi ikasaini na IMF, Rais Mwinyi akafungua milango, viwanda na mashirika yakapunguza watu, na kila aliyepunguzwa kazini alikuwa na mke, dada au mama aliyejua kupika. Kwa hiyo wachumi wakisema uchumi "ulijirekebisha", wewe jua nani aliyeurekebisha, na kwa mwiko wa ukubwa gani.

Kuna ukurasa mwingine ambao hatupendi kuufungua. Barabara ileile iliyoleta wateja ilileta ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, una maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa karibu asilimia 16 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa chini ya asilimia 6. Mtaani watu walitafuta wa kumlaumu, na mama wa kando ya barabara hakukosa jina baya. Tulisahau kuhesabu upande wa pili: wajane walioanza kupika baada ya msiba, na mabibi walioacha jembe uzeeni wakaenda kukaanga maandazi kwa sababu wamebakiwa na wajukuu watano na hawana baba wala mama. Ada za shule za kizazi kizima zilitoka kwenye ukungu wa chungu. Sisi tulio vijana mjini tunaandika mashairi ya mapenzi yaliyovunjika. Sawa. Lakini hayo hayajaandikwa.

Na mapambano hayakuisha. Mgambo na mafiga ni hadithi ya miaka nenda rudi: leo anahamishwa, kesho amerudi, keshokutwa sufuria imemwagwa na mchuzi uko barabarani. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na wengi wakapumua. Mwaka 2021 ukaja mpango wa nchi nzima wa kuwapanga machinga, vibanda vikavunjwa mijini na watu wakapelekwa maeneo waliyotengewa, mengine mateja hayafiki. Mwaka 2024 serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Moshi unaua, na macho mekundu ya mama si mapambo, kwa hiyo nia ni njema. Swali ni nani atalipia mtungi, na ugali wa watu hamsini utasongwa kwenye jiko la saizi gani. Hilo waulizwe wanaosonga.

Najua baadhi yenu mnasema, ndugu mwandishi, historia tumeisikia, tuambie basi tukale wapi. Haya.

Ukifika Tosamaganga, kula karibu na lango la hospitali au njiani kwa wanafunzi, lakini kula saa sita kamili. Saa nane utakuta ukoko. Agiza ugali, maharage na mboga za majani, mnafu au majani ya maboga, na usidai nyama. Hiyo ndiyo sahani ya misheni, kaka yake bwalo.

Ukishuka mjini Iringa, zunguka soko kuu asubuhi upate supu na chapati. Mchana uliza samaki wa Mtera. Samaki huyo naye ana historia: asingekuwepo kwenye sahani yako kama lisingejengwa bwawa la umeme mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa na senti za ziada, tafuta mgahawa wa Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanglikana ulioanza 2003, ambako viziwi wamekuwa wakihudumia na mteja anaandika anachotaka. Niliposema mgahawa ni namna ya wasiojuana kukaa pamoja, hii ndiyo maana yake. Pale mwenye kusikia ndiye mgeni.

Masika, pitia ulanzi. Ni maji ya mwanzi mchanga yanayokingwa kwenye kikombe cha mwanzi. Wa asubuhi ni mtamu kama soda, wa kesho yake unauma, wa siku ya tatu usiunywe kama una safari. Nunua kwa mtu anayejulikana, kaa kwenye gogo, salimia "Kamwene", na ujifunze kunyamaza wazee wakizungumza.

Ukiendelea kwa basi kwenda Mbeya, wakati wengine wanachimba dawa wewe angalia vibanda. Kadiri unavyokwenda sahani inabadilika rangi. Ugali unampisha wali wa Mbarali na wa Kyela, zinaingia ndizi za Tukuyu, viazi mviringo, na samaki wa Ziwa Nyasa, mbasa na usipa. Zamani wali ulikuwa wa sikukuu. Kibanda cha barabarani ndicho kilichoufanya uwe wa Jumanne. Hayo nayo ni mapinduzi, tena hayakumwaga damu.

Ukimaliza kula usikimbie. Mwambie mama, "Ahsante mama, umeanza lini kazi hii?" Wengi hatujawahi kuuliza. Tunasema "nitilie", tunasema "ongeza mchuzi", tunasema "sina chenji". Atakutazama kwanza, atashangaa, labda atadhani umetumwa na manispaa. Mwambie hapana, mimi ni mwandishi. Akikubali, andika: mwaka alioanza, kwa sufuria ngapi, nani alimkopesha mtaji, kibanda kilivunjwa mara ngapi, watoto wangapi wamesoma. Andika bei ya sahani kila mwaka anaoukumbuka. Uliza jina lake, na kama anaruhusu, liandike.

Wenzetu Kalenga walisubiri miaka 56 fuvu lirudi nyumbani. Lilirudi kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kulisahau na karatasi iliyolitaja. Mama wa Ipogolo hana mkataba uliomtaja popote. Akizeeka akarudi kijijini, mafiga yatabaki pale njiani, mawe matatu meusi, mpaka mpita njia ayarushe kando.

Kalamu ziko mikononi mwetu, washikaji. Kesho saa sita, kabla ya kusema "ntilie", semeni kwanza shikamoo, kisha ulizeni.